Jongoo Aliyefukuzwa Njiani

Paliondokea Jongoo mrefu, aliyebeba wanyama mia kila asubuhi hadi mtoni. Kiboko hakumpenda. Yeye alikuwa na punda wake mwenyewe, na alitaka kila mtu amwone juu yake.

"Huyu mdudu anajaza njia yangu," akalalamika kwa Simba. "Aondoke!"

Jongoo akafukuzwa. Kesho yake wale abiria mia wakatoka, kila mmoja na punda wake. Vumbi likatanda, pua zikagusana na mikia, na hakuna aliyesogea. Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko, iliyozoea maji, ikaanza kupasuka kama tope la kiangazi. Akamwacha punda, akakimbilia kwa Jongoo.

"Ndugu yangu, nisamehe! Rudi kazini!"

"Sawa. Nitakuwekea nafasi ya mbele."

"Mimi? Thubutu! Nina punda wangu. Rudi uwabebe hawa wengine, nipate njia!"

"Basi panga foleni," akasema Jongoo.

Kiboko akageuka. Wale mia walikuwa wamesimama mstari mmoja, kila mtu na kamba ya punda wake mkononi, wamekuja kuomba hilohilo.