Mjakazi wa Kwenye Riwaya

Wiki nzima msichana yule alikuwa akiuliza jambo moja: mjakazi wa kwenye riwaya waliyokuwa wakisoma darasani alitorokaje? Mwalimu Keziah alishuku kwamba ametumwa na baba yake kumchunguza. Neno moja baya lingemfikia mkuu wa shule, ikama ya Keziah, kibali chake cha kuishi katika nchi hii ya kigeni, isingefanywa upya.

Leo msichana alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Mwalimu, hakuweza kukimbilia ubalozini?"

"Enzi za utumwa hakukuwa na ubalozi. Nani amekutuma?"

Msichana alipandisha mkono wa sare. Alikuwa amevaa bangili ya shanga nyeusi, nyekundu na kijani, rangi za bendera ya kwao Keziah, iliyofungwa kwa uzi wa kushonea.

"Velma, dada wa kazi nyumbani. Baba amemfungia chumbani."

Keziah alichungulia koridoni, kisha akafunga mlango.

"Mnaishi wapi?"