Mashahidi Watatu Ukutani

Jirani wa mlango wa pili alikuwa na hakika: mshonaji kapata mchumba, na mchumba mwenyewe ni fundi vioo wa kona. Alimwona kwa macho yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, akitoka dukani kwa yule bwana amekumbatia kitu ndani ya gazeti, anatembea polepole kama kabeba mayai.

"Zawadi hizo," jirani alisema. "Mwanamke akipewa kioo, ujue kaambiwa ni mzuri."

Mshonaji aliposikia alicheka kuliko wote. Afadhali asingiziwe mchumba kuliko ijulikane anachokifanya.

Nyumba aliyoishi na mama yake ilikuwa inazama upande mmoja. Mtaro wa kampuni ya majitaka, uliopita chini ya uchochoro, ulikuwa umepasuka, na maji yake yanakomba udongo chini ya msingi. Uzi wa cherehani ukidondoka, unabingirika wenyewe hadi ukutani.

"Nanyoosha pindo za mji mzima," alimwambia mama yake, "na mwenyewe naishi upande."

Mama hakucheka sana. Ukuta ulishapasuka, na ufa wenyewe ulikuwa juu ya kitanda chake, chumba kingine hawakuwa nacho, na miguu yake haikuwa ya kukimbia.

Baada ya barua tano za madai, kampuni ilimleta mkaguzi, kijana mpole mwenye viatu safi. Alibandika vipande vitatu vyembamba vya kioo kukatiza ufa, akavishikiza kwa plasta ncha zote mbili, akaandika tarehe juu ya kila kimoja.

"Hawa tunawaita mashahidi," alisema. "Wasiguswe, dada. Mtu akiwagusa, madai yenu yamekufa. Narudi baada ya miezi mitatu. Nikiwakuta wazima, mimi sina neno."

Mshonaji aliyashika maneno hayo kama imla. Mtu asiye na neno na wewe mmeshaelewana: ataziba mtaro, ataushindilia msingi, na mama atalala.

Siku ya tisa, wakiwa kwenye chai, shahidi wa kwanza alikatika katikati. Ta. Hakuna aliyekuwa karibu naye.

"Mwache," mama alisema. "Kakatika mwenyewe."

"Nani atakubali, mama? Humu ndani kikombe kikivunjika, wewe unauliza nani alikuwa karibu."

Mama akarudia chai yake, maana ni kweli.

Ndipo safari za kwa fundi vioo zilipoanza. Kioo cha upana wa vidole viwili. Plasta aliichanganya kwenye kifuniko cha sufuria. Tarehe aliinakili kwa mwandiko wa mkaguzi, mpaka ile saba yake iliyopinda mgongo. Alirudi nyuma akaitazama kazi yake, akajiona kumbe ni mhandisi kamili, kilichomponza shuleni ni hesabu za sehemu tu.

Wiki iliyofuata akakatika wa pili. Kisha wa tatu. Kisha wa kwanza tena. Vilivyovunjika alivitupa mbali, asije mtu akaviona. Ikafika mahali fundi vioo anamkatia bila kuuliza kipimo. Siku moja tu aliuliza kama huko nyumbani wanavila.

Siku ya mkaguzi, mshonaji alipiga deki, akawafuta mashahidi vumbi kwa kitambaa laini. Mama alivaa nguo ya kutokea, akaketi ukingoni mwa kitanda kama bibi harusi.

Mkaguzi aliwasha tochi. Akamtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasoma tarehe. Akapitisha ukucha juu ya kioo.

"Wazima wote."

"Wote," mshonaji alisema, akijikaza asitabasamu. "Hata cherehani nilihamishia uani, nisiwatikise."

"Mmefanya vizuri sana. Wengine wanavivunja makusudi." Aliandika mstari mmoja, akaweka sahihi, akafunga faili. "Basi hakuna cha kuchimba, dada. Ardhi ingekuwa inatitia, hawa wangekatika. Mtaro wetu hauna kosa. Zibeni ufa, mpake rangi."

Mama alimtazama binti yake. Binti aliutazama ukuta. Kisha akaushika mkono wa mkaguzi, taratibu, kama anayempima shati.

"Kaka yangu, naomba ukae kidogo," alisema. "Mashahidi hawa huwa hawamalizi wiki."