Taa Inayowaka Alhamisi

Taa ya injini iliwaka tena kabla hawajafika hata kwenye mzunguko wa barabara. Ya manjano, imetulia, inamkodolea macho karani, aliyeshika usukani, kama jirani mmbeya.

"Hiyo hapo," alisema mama mkwe wake kutoka kiti cha nyuma.

"Nimeiona, mama."

"Basi tupitie kwa fundi."

Karani alishusha pumzi. Alifanya kazi ya bima, kutwa kucha akiwashuku watu waliogongesha magari yao, na sasa gari lake mwenyewe, kuukuu kuliko ndoa yake, lilikuwa linamfanyia mzaha. Akienda nalo kazini, kimya. Mkewe akienda nalo sokoni, kimya. Ila Alhamisi, siku ya kumpeleka mama mkwe kupima presha, taa hiyo!

"Hata chuma kina akili," alimwambia mkewe usiku. "Kinajua nani amepanda."

"Huyo ni mama yangu."

"Mimi sijamtaja mtu. Nimetaja chuma."

Wala mama mkwe hakuwa mkorofi. Alikuwa mkunga mstaafu, mjane, mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Kila Alhamisi, wenzake wakiwa bado wanatafuta viatu, yeye alishajiketia garini, mkoba mapajani, anajifuta vidole kwa leso. Na marashi juu. Karani alijiuliza kama siku hizi presha inapimwa kwa kunusa.

Gereji ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya ghala la mbao. Fundi, mzee mwenye mvi aliyeishi peke yake chumba cha uani, hakujua neno haraka. Mara ya kwanza kabisa alifungua boneti, akakuta waya wa sensa ya hewa umelegea, akaukaza, taa ikazimika. Akamwonyesha karani, ambaye alikuwa anatazama saa. Akamwonyesha na mama mkwe, ambaye aliuliza maswali. Baada ya hapo ugonjwa ukawa unakwenda na kurudi, kama mgeni aliyesahau mwavuli.

"Ugonjwa wa hivi ndio mgumu, bosi," fundi alisema. "Unataka subira. Na mama asikose kuja. Uzito wa kiti cha nyuma unaweza kuchangia."

Mama mkwe mwenyewe alikuwa mwepesi kama ufagio.

"Uzito," karani alirudia. "Na mkoba wake je? Tuupime?"

"Hatudharau kitu," fundi akajibu bila kucheka. Akamfutia mama kiti, akammiminia chai, kisha akainamia injini na kuichungulia kama mtu anayesoma gazeti la jana. Wakaanza kuzungumza, fundi akisimulia magari yaliyokataa kuwaka, mama akisimulia watoto waliokataa kutoka. Karani alikaa juu ya tairi bovu, akisikiliza vicheko na kuhesabiwa uchelewaji kazini.

Alipochoka, akalipeleka gari kimyakimya kwenye gereji kubwa yenye mashine ya kupimia. Mashine ikasema gari ni zima. Akarudi nyumbani na habari hiyo.

"Mashine haijui kitu," mama mkwe alisema. "Na daktari habadilishwi katikati ya matibabu."

Alhamisi iliyofuata taa ikawaka. Bosi wake hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Ukichelewa Alhamisi nyingine, Ijumaa usijisumbue kuja."

Jioni hiyo karani aliweka kijiko chini. "Nauza gari. Alichukue mtu yeyote mwenye roho ngumu. Mama atapanda basi kama binadamu wengine."

Mama mkwe hakumaliza chakula chake. Aliomba simu ya binti yake, akatoka nayo uani, akakaa huko muda mrefu.

Jumapili mlango ukagongwa. Alikuwa fundi, amevaa koti lililopigwa pasi, kucha hazina chembe ya grisi, pamoja na kaka yake mkubwa na dada yao. Karani aliwakaribisha huku akitabasamu. Kunguru wamenusa mzoga, aliwaza. Mganga kashindwa kutibu, sasa kaja kununua maiti.

Walipokwisha kusalimiana, kaka mkubwa akakohoa.

"Kuna kitu humu nyumbani kwako ndugu yangu amekipenda. Tumesikia mambo yanabadilika, tukaona tusichelewe."

"Hamjachelewa," karani alisema, akijinyoosha kitini. "Ila mimi mtu mkweli. Kitu chenyewe cha zamani."

"Hata ndugu yetu si wa juzi."

"Kina kelele, hasa asubuhi. Kwenye mlima kinahema. Na kinavyokula, jamani, msiniulize!"

Nyuma ya pazia la chumbani mtu aliguna. Mkewe akamkanyaga mguu. Karani akausogeza mguu, akaendelea.

"Mnajua kimepita mikononi mwa mtu mwingine kabla yangu?"

"Tunajua," kaka mkubwa alisema polepole, akimtazama fundi kwa jicho la wasiwasi. "Mungu amrehemu."

"Basi kama mmekiridhia, kichukueni leo leo. Ila kikishavuka mlango huu, hakirudi!" Akatoa ufunguo mfukoni, akausukuma juu ya meza mpaka mbele ya fundi.

Fundi aliutazama ufunguo. Akalitazama pazia. Halafu akausogeza taratibu kumrudishia mwenyewe.

"Gari baki nalo, mwanangu," alisema. "Lilipona siku ile ya kwanza. Aliyekuwa anaiwasha taa ndiye tuliyekuja kumposa."