Kovu la Lusajo

Siku hizi arobaini ikishapita, sura ya marehemu hufutika kwenye simu zote, hata zilizozimwa. Kinachoruhusiwa kubaki ni picha iliyochorwa kwa mkono, ndiyo maana Sekela, mchoraji wa Mbeya, hakosi kazi.

Picha ya Lusajo aliichora kwa kusimuliwa tu, maana wazazi wa kijana huyo walikuja arobaini ikiwa imeshapita. Alipaka rangi nzito, tabaka juu ya tabaka, mpaka nywele na mashavu yakainuka, ukigusa unayahisi. Asubuhi ya kuikabidhi aliona donge la rangi limekauka juu ya unyusi wa kushoto. Alichukua kisu alikwangue, lakini wazazi walikuwa wameshafika mlangoni.

"Karibuni. Kuna sehemu moja bado sijaimaliza," alisema.

Mama Lusajo hakumsikia. Alipitisha kidole kwenye paji la uso la mwanawe, polepole, mpaka kikagota kwenye lile donge. Akaanza kulia.

"Jamani, hata kovu lake umeliweka! Baba Lusajo, si unakumbuka alivyoanguka?"

Sekela alimtazama mume, akingoja akatae. Baba Lusajo aliikodolea macho picha.

"Alianguka," alisema hatimaye. "Kwenye ngazi. Au ilikuwa jikoni?"

"Jikoni," mkewe akasema.

"Jikoni, ndiyo. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Sekela alikirudisha kisu mezani, akaanza kuwafungia picha yao.