Redio Inataka Kutembea

Munyakazi, kijana wa jirani, alilamba kidole, akagusa vichwa vya betri, akaruka mpaka akaangusha kinu.

"Moto iko," alisema, akipuliza kidole. "Donc, basi, si betri. Redio yenyewe ndiyo haitaki."

Mzee Dauda, fundi cherehani, aliinama tena mbele ya lile sanduku la mbao, akatega sikio. Kimya. Alikuwa ameligonga kwa kiganja, amelisogeza dirishani lipate hewa, amevizungusha vifundo vya mbele mpaka vikapata joto. Dada yake, Nyiramana, alikuwa amelifukizia ubani. Kimya kilekile.

Redio ilikuwa zawadi ya Kadiri, mfanyabiashara wa ngozi, aliyemposa Saidati, binti wa Dauda. Kadiri alikuwa mjane mwenye wajukuu na meno ya dhahabu, na leo, baada ya sala ya alasiri, angekuja na wazee wake kupanga siku ya ndoa. Siku alipoituma redio alituma na maneno: "Muitunze. Ikifia mikononi mwenu, na mazungumzo yetu yamekufa."

Adhuhuri ilikuwa imekwisha pita. Jasho lilimshuka Dauda mgongoni. Mtaa mzima ulijua kwamba nyumba yake ina redio. Kadiri akiikuta bubu, ataondoka nayo, na ndoa ataondoka nayo pia.

"Baba," sauti ndogo ilitoka nyuma ya pazia.

Wote wakageuka, maana Saidati hakuwa mtu wa kusema. Kuku akimkatiza njia, yeye ndiye aliyempisha. Tangu aposwe hakukanyaga barabarani, na shangazi yake Nyiramana alilala mlangoni pake.

"Huko nyuma ya redio kuna kitufe chenye maandishi," alisema. "Labda aitwe mtu wa kuyasoma. Yule Phocas, mpishi wa Wazungu, anajua Kifaransa."

Dauda angependa kusikia jina jingine. Phocas alikuwa kijana mwenye adabu, lakini shingoni alivaa msalaba, na siku hizi baiskeli yake haikupata pancha mahali pengine popote ila mbele ya nyumba hiyo. Hata hivyo alasiri ilikuwa inakuja. Akaitwa.

Phocas alifika upesi mno kwa mtu aliyeitwa kutoka Nengo, kwenye nyumba za Wazungu. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa uani, akaingia, akapiga magoti nyuma ya redio, akasoma huku midomo ikicheza.

"Bon," alisema. "Huku wameandika *arrêt*. Ni kusema, kusimama. Na huku *marche*. Ni kusema, kutembea."

"Kutembea?"

"Kutembea, muzee. Hata kule shuleni padri alikuwa anatuimbisha, marche, marche, na miguu inaenda. Hii mashine ilifungiwa mu sanduku tangu Ulaya, viungo vimeganda. Itembezwe kwanza, kisha isimame, ndiyo itasema."

Munyakazi alinyoosha kidole chake kile kile. "Na mi nikisukuma tu hiki kitufe?"

"Usiguse," Phocas alisema haraka. "Utaiua. Ipelekwe mpaka ziwani na kurudi. Polepole, kama mugonjwa."

Dauda akaipakata redio kifuani. Munyakazi akajitwisha betri. Ukabaki waya mrefu wa kunasia sauti.

"Huu unataka mikono ya mwanamuke," Phocas alisema, akimtazama Nyiramana. "Usiguse chini hata kidogo."

"Na Saidati nimuachie nani?"

"Saidati?" Dauda alicheka. "Huyo hata ukimfukuza hatoki. Shika waya."

Wakatoka. Phocas alisema atawafuata nyuma, asikilize kama inaanza kukoroma.

Njiani watu waliacha kazi zao. Languida, muuza samaki, alisimama na kisu mkononi.

"Muzee Dauda, mutoto anaumwa? Munamupeleka wapi?"

"Ni redio. Inatembezwa ipate kusema."

"Yewe. Basi ikisema, muiulize mume wangu jana alilala wapi."

Walifika ziwani, wakaionyesha maji, wakageuka. Nyiramana aliunyanyua waya juu ya kila dimbwi kama anayenyanyua shela ya bibi harusi. Dauda hakujali vicheko. Alitembea kwa taratibu, akinong'ona dua, na mara mbili alidhani amesikia kikohozi ndani ya sanduku.

Walipofika nyumbani, Kadiri na wazee wake walikuwa wamekaa kibarazani.

"Redio yangu inatoka wapi?" Kadiri aliuliza.

"Matembezini," Dauda alijibu kwa heshima.

Kadiri aliinuka. Kisha akaigeuza redio, akakisukuma kile kitufe. Kioo kikapata mwanga wa manjano, sanduku likaguna, na punde sauti nene ya mwanamume ikajaa kibarazani, Kifaransa kitupu. Dauda karibu alie.

"Kumbe kweli ilitaka kutembea," alisema.

"Kutembea nini, muzee? *Marche*, kwa mashine, ni kufanya kazi. Mutu anayejua Kifaransa hawezi kukosea hapo. Nani aliwaambia itembezwe?"

"Phocas," Dauda alisema. "Huyu hapa."

Aligeuka. Nyuma yao walikuwa watoto wa mtaa tu.

"Atakuwa anaitengeneza baiskeli yake," alisema. "Nyiramana, mwite Saidati aje asikie redio yake."

Nyiramana aliingia, waya ukimfuata. Walimsikia akifungua pazia, kisha mlango wa uani. Alikawia. Aliporudi, alisimama kizingitini akiitazama redio.

"Alama za baiskeli zinaenda upande wa Goma," alisema.

"Sijakuuliza baiskeli. Saidati yuko wapi?"

Nyiramana aliuacha waya uanguke chini.

"Marche," alisema.