Miguu ya Vitaa

Giza lilipoingia kambi ya maombi, Nyamizi alitambua kosa lake. Katika darasa la ufundi la kambini, jioni ile, waliambiwa kwamba kitaa cha LED, kile kidogo cha betri, kina miguu miwili ya waya: mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Lakini yeye ni mshonaji, na miguu isiyolingana ilimkera. Aliikata yote ikawa sawa, kisha akavishona vitaa vitatu mfululizo kwenye utepe mmoja, kwa uzi unaopitisha umeme. Kimoja kikikaa kinyume, vyote vinagoma kuwaka.

Masele, mumewe, alikuwa hajarudi kutoka mtoni. Bila mwanga asingejua kambi iko wapi. Fisi alilia bondeni.

“Mama fundi, si ulituambia umehitimu?” Perusi, mwenzake wa darasani, alitania huku akitupia jicho bondeni.

“Dada, shika betri, uombe.”

Nyamizi alifumua uzi kwa meno, akakigeuza kitaa cha kwanza na kukifunga tena. Bado giza.

“Bwana, mimi sijui kipi ni kipi. Wewe unajua.”

Akakigeuza na cha pili. Vyote vitatu vikawaka, vyeupe. Aliuinua utepe juu kabisa, akaita, “Masele!”

Bondeni majani yalichakarika, yakanyamaza, kisha yakachakarika tena, karibu zaidi: Masele, au fisi?