Pale Anapokosea Baba

Leo kidole cha mwisho kilitua mahali pake.

Kwa wiki tatu Jovina alikuwa akirudia wimbo wa kale wa Kizungu aliopewa na mwalimu ili vidole vyake viwe vyepesi. Mguu wa kushoto juu ya mbuzi ya kukunia nazi, gitaa la marehemu baba yake pajani, na kila akifika mstari wa pili kidole kiliteleza na kuiharibu nota ileile. Tangu mazishi, nyumba ile ya Kimara ilikuwa na watu wawili tu.

Jikoni, kisu cha mama kikanyamaza.

"Mbona umeacha kukosea?"

"Si ndo nimepatia, mama!"

"Baba yako alikuwaga anakosea hapohapo. Nikisikia hivyo, najua yupo."

Jovina akaligeuza gitaa kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya uzi, mahali pasipofaa kabisa kubonyezwa, ubao ulikuwa umelika, kishimo kidogo cha ncha ya kidole. Akaweka chake. Kikaenea kama kimepimwa.

"Rudia, mwanangu."

Akaupiga tena, akakosea.

Jikoni, mama akapanga vikombe vitatu vya chai.